Ukungu kwenye Sarafu ya Onyiego

Mzee Onyiego alipostaafu utarishi, mwajiri wake alimpa sarafu moja ya fedha, ya ukumbusho, si ya kununulia chumvi. Uso wake ulikuwa kioo kitupu. Kila mwaka, Sabato ya kwanza kabla ya kanisa, mzee alijitazama humo akinyoosha tai, ingawa kioo cha kawaida kilikuwa ukutani. Mwaka huu aliitoa kwenye mfuko wake wa plastiki akakuta imefunikwa na ukungu mweupe.

"Hii si yangu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Na nguoni mwake alikuwamo mtu mmoja tu: Nyanchoka, bintiye, aliyerudi nyumbani Tabaka ndoa ilipovunjika, naye ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku ilimokaa sarafu. Miaka sita amempikia na kumfulia, leo anaitwa mwizi. Iliuma. Akaapa kwamba ukungu huo utatoka, baba aione sarafu yake na amwombe radhi.

Kazi yake ni kusugua vinyago vya mawe kwa msasa na maji mpaka ving'ae, na mkono ulimwasha kuisugua sarafu vivyo hivyo. Akajizuia. Akaipeleka Kisii mjini kwa Mzee Kantilal, fundi wa saa ambaye pia hukusanya sarafu.

Kantilal aliishika ukingoni kwa vidole viwili. "Plastiki hii imezeeka, mama, imetoa mafuta. Usiiguse na kitambaa. Ukisugua mara moja tu, kile kioo kimekufa. Niachie, uje saa nane."

Niachie! Mkusanya sarafu anaomba aachiwe sarafu. Hata fisi hajawahi kuomba kulinda mbuzi kwa adabu namna hiyo. Nyanchoka alisema anataka kuitazama kidogo, akampa fundi mgongo, akatoa kisu chake kidogo cha kazi na kukwaruza mstari karibu na ukingo. Wachongaji wa Tabaka hutia alama chini ya vinyago vyao, mchuuzi asije akawabadilishia. Tahadhari kabla ya hatari, alijiambia. Kisha akairudisha.

"Nitangoja hapa hapa, mzee."

Alikaa kwenye benchi, macho hayabanduki. Kantilal alifungua dirisha, akazima jiko la chai, akamimina asetoni kwenye bakuli la glasi. Ile inayoondoa rangi ya kucha, ila hii ilikuwa safi, haina manukato. Akaizamisha sarafu bila kuisugua. Baadaye akaihamishia bakuli la pili, kisha akaisuuza kwa maji safi ya duka la dawa na kuilaza juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Haikuondoka machoni pa Nyanchoka hata dakika moja. Ukungu ulikuwa umekwisha.

Kantilal aliinama na lenzi yake. "Huu mkwaruzo hautoki, mama. Hauna dawa. Ni nani alifanya hivi?"

"Sijui," alisema Nyanchoka, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Jioni alimkabidhi baba. Onyiego aliuona uso wake, akacheka kwa furaha, akagusa kola yake. Nyanchoka alishusha pumzi. Kisha mzee aliigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, na kucha yake ikakwama.

"Yangu haikuwa na mkwaruzo."

"Ni mimi, Tata. Nilitia alama, yule fundi asiibadilishe."

"Alikuwa na nyingine kama hii?"

"Sijui."

"Ulimwona akiibadilisha?"

"Hapana. Nilikaa pale pale."

"Sasa alama ilikuwa ya nini?"

Onyiego aliifunga sarafu ndani ya leso yake, akanyoosha mkono apewe ufunguo wa sanduku. Alipoutia mfukoni ndipo akamtazama bintiye, bila hasira.

"Mama," alimuuliza kwa upole, "ile yangu umemuuzia nani?"