Ghafla Si Ugonjwa

Dada yangu alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu aliyetaka isimuliwe wakati wa kula. Alikuwa mtafiti wa afya ya jamii. Wiki sita baada ya mazishi alikuwa anakwenda kwenye nyumba iliyofiwa kuuliza marehemu alikufaje, kwa sababu wengi hufia kitandani kwao na hakuna anayeandika chochote. Anakaa na mama wa mtoto, anafungua dodoso, anauliza: alikohoa? Siku ngapi? Shingo ilikaza?

Mtaani walimwita Bibi Makaburi. Akipita, fundi viatu alikuwa anajifunika uso kwa kiatu cha mteja. "Mimi bado mzima, dada! Pitiliza!"

"Nimekuweka orodha ya mwakani, fundi."

Baba hakucheka. "Nimekusomesha miaka yote hiyo uje kuwa karani wa maiti?"

Mimi kwa kupenda maswali ndiyo usiseme, kwa hiyo dada alinitumia kujizoeza. Niliigiza mama mfiwa mara nyingi kuliko nilivyofanya hesabu za shule. Nikajua masharti yake yote. Swali lisomwe kama lilivyoandikwa. Jibu liandikwe kwa wino. Penseli marufuku, maana watu wakishaona aibu wanataka kufutiwa. Na ukishauliza, unahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. "Watu hawavumilii kimya," aliniambia. "Ukweli unatoka kwenye saba au nane hivi."

Kitu kimoja kilimpandisha hasira. "Watoto tisa mtaa mmoja, wote nimeambiwa wamekufa ghafla! Ghafla si ugonjwa, mdogo wangu. Hapo kuna watu wazima wanaficha kitu."

Alikuwa na miaka ishirini na saba ile Jumapili ambayo bosi wa baba alikuja kula mchana kwetu na mkewe. Baba alikuwa anangoja kupandishwa cheo, na tangu Alhamisi tulikuwa tunasugua sakafu. Saa tano asubuhi dada akaniita chumbani. Alikuwa amefunga pazia, mwanga ulimuumiza. Alijaribu kuinamisha kichwa, kidevu hakikufika kifuani.

"Mwambie baba ni homa ya uti wa mgongo. Anipeleke hospitali sasa hivi. Halafu andika saa."

Nikaandika nyuma ya daftari langu la jiografia, nikakimbia sebuleni.

"Asubiri, wageni wako njiani," baba akasema. "Anashinda na habari za maiti, kichwa kikimgonga kidogo tu anaona kaburi."

"Mpe dawa ya maumivu alale," mama akasema.

Saa saba na dakika ishirini dada alitokea sebuleni akishikilia ukuta. Bosi akaacha kutafuna. "Vipi binti?"

"Uchovu tu," baba akajibu kwa tabasamu. Kisha akamsogelea dada, akamnong'oneza, "Usinitie aibu. Rudi ndani."

Mimi nilikuwa nimeshika trei ya juisi. Nikampisha dada apite, nikaendelea kumimina.

Wageni waliondoka saa tisa na robo, ndipo tukampeleka hospitali. Saa kumi na moja jioni dada alifariki kwenye benchi la mapokezi, kichwa chake mapajani mwangu, tukisubiri kuitwa.

Msibani kila aliyeuliza alijibiwa, "Ilikuwa ghafla tu." Fundi viatu alilia kuliko baba. Mwezi uliofuata baba akapata cheo.

Wiki ya sita, mlango ukagongwa. Alikuwa Miwani, kijana wa ofisini kwa dada, ambaye dada alikuwa akimtania kwamba vioo vyake vingefaa dirisha la choo. Alishika dodoso.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Poleni tena. Ni utaratibu wa kazi, hatuachi nyumba."

Baba akamkaribisha kiti. Angekataaje? Miwani alisoma mpaka akafika kwenye swali alilolitunga dada mwenyewe: "Je, kulikuwa na kuchelewa kumpeleka marehemu hospitali?"

"Hapana," baba akasema. "Ilikuwa ghafla."

"Ghafla tu, mwanangu," mama akaitikia.

Miwani hakuandika. Aliinamia karatasi, na nilijua anafanya nini, nami nikahesabu naye. Moja. Mbili. Dada angeingizwa kwenye kundi la wale watoto tisa. Nne. Mama alinikazia macho, akatikisa kichwa kidogo sana. Sita.

"Aliomba saa tano asubuhi," nikasema. "Akatoka tena saa saba na ishirini. Tuliondoka saa tisa na robo." Nikaweka daftari la jiografia mezani.

"Huyu msiba umemvuruga akili," baba akasema. Kalamu ilikuwa tayari inakimbia. "Futa hiyo."

"Ni wino, mzee. Marehemu alikataza penseli."

"Haya, umeridhika?" mama akaniuliza taratibu, kama anayeuliza kama nimeshiba.

Miwani akasoma swali lililofuata, kama lilivyoandikwa: "Ni nani aliyeamua asubiri?"

Safari hii sikungoja hata tatu.

"Baba," nikasema. "Mama alikubali. Mimi nilikuwa na trei."

Akatuandika wote watatu, akafunua ukurasa.