Kulungu Niliyemtangaza Kabla ya Kumwinda

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Shule niliishia darasa la saba. Nimeosha vyombo jikoni kwa mpishi aliyerusha masufuria kama mawe, nimelala sakafuni Hallonbergen, huku Swideni, pamoja na wanaume watano waliokoroma kwa lugha tano, na leo nina malori matatu ya kuhamisha mizigo ya watu na Waswidi saba wanaoniita bosi. Sasa nishangazwe na nini?

Ndiyo maana siku ya posa ya binti yangu sikuweza kunyamaza. Mkwe wangu, baba wa kijana aliyemposa, Mswidi, alikuja kwetu Akalla na pande la nyama ya älg, yule mnyama wa huku mwenye mwili wa farasi na uso wa mtu aliyefiwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amemuua mwenyewe. Basi. Wageni wote wakamgeukia yeye. Nyumbani kwangu, kwenye kochi langu!

Nikamuuliza, "Kwa bunduki?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kwetu bunduki ni ya watu wasiojua kunyata," nikasema. "Harusini mtakula kulungu niliyemuua mimi, kwa upinde. Kulungu wa Amerika."

Kusema kweli, kwetu hakuna aliyewahi kuwinda. Baba aliziba pancha za baiskeli. Ila nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba magharibi ya Amerika kuna ardhi ya serikali isiyo na mwisho, mtu mwenye kibali anaingia peke yake, bila kiongozi, bila mwenye shamba wa kubembelezwa. Kuna na kulungu mwenye masikio makubwa kama ya punda. Huku Swideni upinde hauruhusiwi kuwindia, kwa hiyo ilibidi iwe Amerika. Mdomo ulishatangulia, mwili ukabaki kuufuata.

Nilipanga miezi minane, na nitasema bila aibu kwamba kuna majeshi yaliyoingia vitani na mpango mbovu kuliko wangu. Nilinunua upinde wenye vigurudumu kwenye ncha zote mbili. Mwezi wa kwanza kwenye klabu ya wapiga upinde, mshale wangu ulichoma shabaha ya bibi mmoja mstaafu, akanirudishia bila kunitazama. Kufikia masika nilikuwa napiga mishale mitatu ndani ya sahani ya chai, hatua thelathini. Nilijifunza kwamba asubuhi upepo wa mlimani unashuka na jua likipanda nao unapanda, kwa hiyo kulungu akishalala kivulini unamfuata kutoka juu, umevua viatu, umebaki na soksi. Kwenye ramani nilijua bonde la kupiga hema, chemchemi mbili, mpaka wa shamba la mtu, na safari tatu za kubeba nyama mgongoni hadi kwenye gari. Kibali kinatolewa kwa bahati nasibu. Nikakipata! Mke wangu alidhani nimefiwa, kwa jinsi nilivyopiga kelele.

Kaka yake, mtu wa Uvira, kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu na kuchungulia ramani yangu.

"Weye shemeji, huyo nyama atakufa kwa kucheka," alikuwa akisema. "Tumbo itatokea mbele ya mlima, miguu itafuata kesho."

"Cheka. Harusini utaomba uongezewe."

"Sawa. Lakini niambie, ile nyama utaileta na nini?"

"Na ndege. Ulitaka niiswage?"

Hapo binti yangu, bila kuinua macho kwenye simu, akasema, "Det går inte, pappa." Yaani haiwezekani. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi. Akanisomea: nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haiingii kwenye mzigo wa msafiri. Hata kilo moja. Hata iliyokaushwa.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Umepima upepo ya Amerika yote, forodha ya kiwanja ya ndege ya Arlanda ukasahau!"

Mke wangu akasema niende tu niwinde, nyama niwagawie wenyeji. Nikakataa. Sikuahidi kuua tu. Niliahidi watakula. Mtu asiye na cheti hata kimoja ana neno lake tu ukutani, na harusi ilikuwa wiki sita mbele.

Nikapanda treni mpaka Fisksätra, kwa mkwe. Nikamweleza yote, nimesimama. Akanishusha chini kwenye friza yake, akatoa paja lililofungwa vizuri.

"Kulungu wa hapa," akasema. "Mdogo, lakini mtamu. Ninao watatu. Sema ni wako. Mimi sitasema."

Kwa siri ningemwamini nani mwingine? Yule hata salamu anaitoa kwa kipimo. Ukumbini ulimi wa nani ungejua masikio ya mnyama yalikuwa ya punda au ya sungura? Shemeji mwenyewe angelamba vidole. Nililishika lile paja mpaka mikono ikafa ganzi.

"Asante, mkwe," nikasema. "Mimi najisifia vyangu. Sijafikia kujisifia vya mtu."

Akalirudisha, akafunga friza, akanipa mkono. Akaushikilia muda mrefu kuliko desturi ya huku.

Harusini nilichukua kipaza sauti mwenyewe. "Kulungu niliyewaahidi yuko Amerika," nikasema, "mzima wa afya, na anawasalimu. Leo mtakula mbuzi." Shemeji alipiga meza mpaka glasi zikaruka. Mkwe wangu alicheka kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia, na aliongezewa mara mbili.

Upinde, mishale, ada ya klabu, buti, kibali kisichorudishiwa hela, tiketi iliyorudishiwa nusu, na mbuzi sita: kroni elfu sitini na moja, mia tatu themanini na nne.