Kumbikumbi Zimeruka?

Kompyuta ya duka langu la fotokopi, mtaa wa Saio, haikuwa na picha wala kipanya. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga duka lake la intaneti, na ilikuwa nzito kiasi kwamba programu za kawaida zikifunguka, mteja wa fotokopi amekwisha kwenda kwa jirani. Nikaifuta yote. Nikabakisha kioo cheusi na maandishi meupe: unaandika amri, unabonyeza, inakujibu. Wateja waliokuja kuchapisha barua walidhani imeharibika. Niliwajibu kwa ukali, maana uvumilivu sikujaliwa.

Programu niliyoipenda kuliko zote niliitunga mwenyewe. Nilikuwa naandika neno moja tu, siku, na kioo kinanitolea yanayokuja: kesho ubatizo wa mapacha wa nyuma ya kanisa, Jumamosi harusi ya fundi cherehani, wiki ijayo mwuza mikate anatimiza mwaka. Nilisoma kwa sauti kila asubuhi huku nafagia kizingiti, betri ya sola ikiwa imeshiba. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa unapita kuuliza kompyuta imesema nini. Wengine walisimama mlangoni kunipa tarehe za watoto wao hata kabla ya kunisalimu.

Nilielewa kwa nini. Kwa miaka mingi, tarehe tulizozishika kichwani hapa Bunia zilikuwa za kukimbia na za kuzika. Sasa bunduki zilikuwa zimenyamaza, ingawa hakuna aliyethubutu kuapa kwamba zimekwisha, na watu walitaka kushika tarehe za namna nyingine. Nilizipokea kwa furaha kubwa. Kila tarehe mpya niliiona kama mgeni aliyekuja na kuku mkononi.

Na huku kwetu siku ya kuzaliwa haipiti kavu. Anayetimiza mwaka anamwagiwa maji. Humwambii. Unamvizia anapoanika nguo, anapotoka kuoga, anapokwenda ofisini na suti yake, na akipiga kelele ndipo jirani anatokea na ndoo ya pili. Kwa sababu ya programu yangu, hakuna aliyeponea tena kwenye usahaulifu wa wenzake. Mwuza mikate alimwagiwa akiwa na unga hadi viwikoni, nusura ageuke uji.

Aliyecheka kuliko wote siku hiyo alikuwa mama yangu. Tulikuwa tumehamia Bunia kutoka Butembo, mama, mimi na mdogo wangu, mwalimu wa hesabu. Wao wawili walikaa mtaa wa Bigo. Mama aliuza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni, na kila asubuhi alipitia kwangu na beseni kichwani ili asikie habari za siku. Asubuhi iliyofuata baada ya mwuza mikate, alipita lakini hakucheka.

“Na miye?” akauliza. “Ile masini yako inanitajaka siku gani?”

“Premye janvie, mama. Njo iko kwenye karte yako.”

“Ile iko siku ya batu bote. Haiko yangu.”

Alisema kweli. Siku ya kuandikisha wapiga kura, kijana wa karte, yaani kadi za kura, alimwuliza amezaliwa tarehe gani, naye akajibu: siku kumbikumbi ziliporuka. Kijana hakuinua hata kichwa. Akaandika tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia karibu kina mama wote wa foleni ile. Nilimwakia, na mama akanivuta kitenge nisimalize niliyokuwa nayasema. Halafu mimi huyohuyo nikaichukua tarehe yake nikaitia kwenye programu, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyosema hivyo. Kila mwaka mpya kioo changu kilijaa nusu ya kwaya ya kina mama, na hakuna hata mmoja aliyepata tone la maji, maana siku hiyo watu huenda kanisani na vitenge vipya na kurudi kula wali. Mama alikuwa amefika uzeeni bila kumwagiwa maji hata mara moja, na kumbe alikuwa anatamani. Iliniuma sana kutolijua hilo.

Tukampigia simu dada yake mkubwa, aliyebaki Butembo.

“Mvula ilinyesha asubui,” mama mkubwa akasema, sauti ikijaa duka lote. “Kiisha jua likatoka, wakatutuma siye batoto kuokota kumbikumbi. Tunarudia na vitunga vimejaa, tunakuta mutoto iko analia mu nyumba. Hata zile kumbikumbi tulisahau kuzikaanga!”

“Mvula ya mwezi gani, mama mukubwa?”

“Ya kumbikumbi, mwanangu. Si nimekuambia?”

Mdogo wangu, kwa akili zake za ubao na chaki, akashauri tuchukue tarehe ya katikati ya majira ya mvua, mambo yaishe. Mama akamtazama kwa huruma. “Kumbikumbi haiangaliake kalandrie, mwalimu,” akamwambia. Nilijaribu kuiingiza siku yake bila tarehe. Kompyuta ikakataa: tarehe si sahihi. Niliitukana vya kutosha, hadi mdogo wangu aliponikumbusha kwamba sentensi ile niliiandika mimi.

Nikaketi nayo. Nikaifundisha tabia mpya: kila asubuhi, kabla ya kunitolea jambo lolote, ilikuwa inauliza, Kumbikumbi zimeruka? Nikijibu hapana, inaandika juu kabisa, mbele ya harusi na ubatizo wote: Inakuja, siku ya Mama.

Mama aliipenda kupita kiasi. Wengine wote walikuwa na siku yao mara moja kwa mwaka, yeye ya kwake ilitangazwa kila siku inayokucha. Alikuwa anasimama mlangoni na beseni lake, anauliza, “Imesema nini?” Namjibu, “Inakuja.” Basi anaondoka akitikisa mabega. Wauza mboga walianza kumwuliza sokoni, na yeye aliwajibu kwa heshima zote kwamba inakuja.

Lakini mvua ilichelewa mwaka ule, na badala yake zikaja habari mbaya za barabara ya Komanda. Malori hayakupita. Pikipiki zilirudi na watu waliobeba magodoro kichwani. Majirani wa Saio wakaanza kufunga maduka mchana. Pale Bigo kila nyumba ilikuwa na kifurushi cha kukimbilia nyuma ya mlango, na cha mama kilikuwa hapo tangu zamani: sufuria, blanketi na karatasi zetu, vyote ndani ya beseni dogo la bati, vimefungwa kwa kitenge chenye fundo gumu. Baadhi ya majirani walikuwa wanaondoka kuelekea Mahagi, nikawaomba wamchukue. Niliogopa. Miguu yake haikuwa tena ya kukimbia, na mimi nilijua kwamba tukingoja hadi tusikie milio, tutakuwa tumechelewa.

“Siendi,” akasema.

“Mama, utarudi kukitulia.”

“Na kumbikumbi ikiruka, ile masini yako itamwambia nani?”

Nilipandisha sauti. Yeye akapandisha yake. Nilimwambia kwamba hakuna maji ya ndoo yanayostahili roho ya mtu, naye akaniambia kwamba amekimbia maisha yake yote, kila mahali amefika katikati ya siku za watu wengine, na safari hii anangoja ya kwake. Nikalia kwa hasira. Mdogo wangu alichuna ngozi ya kidole. Majirani wakaondoka bila mama.

Kesho yake nilifungua duka kwa sababu sikujua la kufanya nyumbani. Barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu. Kompyuta ikaniuliza, bila wasiwasi wowote, Kumbikumbi zimeruka? Nikajibu hapana. Mama akapita na samaki wake, kana kwamba soko lina wanunuzi. “Imesema nini?” Nilitaka kukataa kumjibu, nikashindwa. “Inakuja,” nikasema. Tuliendelea hivyo, siku baada ya siku, hadi malori ya Komanda yakaanza kupiga honi tena na wale wa Mahagi wakarudi wakijifanya walikwenda kusalimia ndugu.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha asubuhi, nzito, ikakatika ghafla, jua likatoka. Nilikuwa nakausha kizingiti simu ilipolia.

“Yaya!” mdogo wangu alipiga kelele; ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. “Andika ndiyo! Zinatoka nyuma ya kanisa, Bigo yote iko inje!”

Nikaandika ndiyo. Nikabonyeza. Kioo kikabaki cheusi, alama yake ndogo ikipepesa. Mimi, mtunzi wa programu nzima, sikuwa nimeandika kinachofuata. Nadhani moyoni sikuwa nimeamini kwamba tutafika pale. Niliacha mlango wazi, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda katikati ya ua, amevaa kitenge cha kuchotea maji, kilemba amekivua, nywele zake nyeupe ziko nje. Mbawa zilikuwa zinamwangukia mabegani. Miguuni pake lilikuwa lile beseni dogo la bati, limejaa maji aliyoyachota mwenyewe. Ndani ya nyumba niliona kifurushi kimefunguliwa, blanketi na sufuria viko sakafuni. Majirani walikuwa wamezunguka ua na hakuna aliyesogea, maana nani atammwagia maji mwanamke mzee? Mdogo wangu alisimama na ndoo, ameduwaa.

“Yaya, weye njo mukubwa,” akaninong'oneza. “Anza weye.”

Mimi ninayefoka kwa kila jambo, niliinama tu nikalishika beseni kingo.

“Munangoja nini?” mama akasema. “Miye nazidi kuzeeka hapa!”

Nikaliinua beseni nikammwagia yote, kuanzia utosini. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, mwembamba, wa msichana, na kama desturi inavyotaka, jirani akatokea na ndoo ya pili. Baada ya hapo hapakuwa na adabu tena. Mama alimkimbiza mwalimu wa hesabu kuzunguka nyumba, yeye niliyedhani miguu yake imekwisha, na nilicheka hadi nikakaa kwenye tope. Kumbikumbi safari hii hazikusahaulika. Tulizikaanga, tukazila na bugali, mama mkubwa akiimba kwenye simu.

Asubuhi iliyofuata kompyuta iliuliza swali lake lilelile, nikajibu hapana. Mama akafika mlangoni. Juu ya makayabo alikuwa ameweka lile beseni dogo la bati, sasa la kupimia wateja samaki.

“Imesema nini?”

“Inakuja, mama. Lakini sasa ni mwaka kesho.”

Akalitengeneza beseni kichwani, akafikiri kidogo.

“Basi,” akasema, “tutaingojea hapa.”