Mwalimu Asiyekaa

Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye darasa lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja hapa shuleni Urambo, hakai. Kiti chake kina vumbi tangu shule ifunguliwe. Anazunguka kati ya madawati, vidole vyeupe kwa chaki, akitega sikio kwenye kila mdomo kama mtu mwenye redio mbovu. Watoto wake sabini husoma kwa sauti moja inayofika hadi darasani kwangu: "Baba analima tumbaku. Mama anafunga majani." Mkuu wa shule alimpongeza. Lakini mwalimu mwenyewe akaninong'oneza, "Hawasomi hawa, wamekariri."

Jana nilimwona dirishani akipindua kitabu kikubwa cha kusomea, juu chini, mbele ya darasa zima. Watoto wakaendelea bila kukwama: "Baba analima tumbaku." Akapita nacho hivyo hivyo, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo Advera, mtoto wa safu ya tatu ambaye sijawahi kumsikia akijibu swali, akanyamaza, akalaza shavu juu ya dawati, akakodoa macho.

"Mwalimu, mbona herufi ziko kichwa chini miguu juu?"

Mwalimu akapapasa kiti nyuma yake, akaketi.

"Mmoja," akasema. Kisha akainuka, sketi imejaa vumbi, akaanza kuzunguka tena.