Kinachopumua Hakihesabiwi

Harufu ya kahawa iliyomenywa, ile inayochacha ndani ya maji kabla ya kuoshwa, ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Uru, enzi za Mwingereza, msimu niliofundishwa hesabu. Nilikuwa bado sijang'oa hata jino la kwanza. Mwalimu wa shule ya kijijini alimwambia Baba kwamba masista wa misheni wana shule ya bweni, na kila parokia hupeleka binti mmoja mdogo mwenye akili, akishinda jaribio. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, na Baba, ambaye shule yeye aliishia mlangoni, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Tangu hapo jioni zetu zikawa za maharage. Tulikaa kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, yeye akiyapanga mafungu mafungu, mimi nikijumlisha na kutoa kwa Kiswahili, maana nyumbani tulisema Kichagga na Sista wa kunijaribu hakukijua. Mama akipita na mkungu wa ndizi kichwani alitutania kwamba tunahesabu mboga badala ya kuipika. Nilipenda mno. Hesabu zilinijia zenyewe, kama maji ya mfereji yanavyoingia kihambani, kwenye shamba letu la migomba, mtu akishaondoa jiwe.

Lakini kwetu kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitaja, kwa sababu hakuna aliyedhani linahitaji kutajwa. Kinachopumua hakihesabiwi. Bibi, mama yake Baba, alitulea hivyo: mbuzi huitwa kwa rangi zao, watoto kwa majina yao, na anayewataja kwa idadi anakionyesha kifo mahali pa kuchagua. Jirani akimuuliza ana wajukuu wangapi, Bibi alijibu, "Tupo wa kutosha," kisha akauliza habari za migomba. Msimu ule mdogo wetu Felisi, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa akikohoa mpaka analegea, na Bibi akatuonya upya, mimi na dada yangu Agnesi, tuchunge ndimi zetu.

Siku ya jaribio Mama aliniogesha na kunipaka mafuta mpaka nikang'aa. Baba alivaa koti lake la Pasaka, tukashuka misheni. Sista alikuwa Mzungu mrefu mwenye sauti ya upole. Nilimsalimia, "Tumsifu Yesu Kristu," naye akaitika, "Milele, amina." Baba alibaki barazani, karibu na dirisha. Nadhani Sista alitaka kunitoa woga, maana alianza na jambo analodhani kila mtoto analijua.

"Kwenu mko watoto wangapi?"

Nilijua. Nikainamisha kichwa. Akauliza tena, polepole, akifikiri Kiswahili kimenishinda. "Haya, baba yako ana mbuzi wangapi?" Nilimwona akilini Felisi akikohoa mgongoni kwa Mama kule nyumbani, nikafunga mdomo mpaka taya zikauma. Sista alinipapasa kichwani bila hasira. "Bado mdogo huyu," alisema. "Hata kuhesabu hajaanza." Akaita mwingine.

Njiani, tulipofika penye mfereji, Baba aliniuliza.

"Hukujua, mama?"

"Nilijua, Baba. Lakini Felisi anaumwa."

Alisimama. Aligeuka akatazama kule misheni, nami nikadhani tutarudi. Lakini Baba angemwelezaje Sista mwiko wetu, yeye Mkristo mwenye rozari shingoni, ambaye hata siku moja hakuwahi kuhesabu mbuzi wake kwa sauti? Alinibeba mgongoni kupanda mlima. Maharage yale tuliyapika jioni hiyohiyo.

Felisi alifariki kabla ya Krismasi. Bibi alituuliza mmoja mmoja ni nani aliyetuhesabu, nami niliapa kwa Mungu kwamba si mimi. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu likavunjika vilevile. Nafasi ya masista haikurudi tena. Nilichuma kahawa, nikaolewa, nikazaa, nikamzika Agnesi, na sikumlaumu Bibi wala Sista, ila niliumia, na ninaumia mpaka leo.

Mwaka huu nilimsindikiza mjukuu wangu mpaka Moshi mjini kwenye usaili wa shule wanayosema ni ya watoto wenye vipaji. Wazazi wake walikuwa wamemnoa kwa vitabu vya picha mpaka nikamwonea huruma. Mwalimu akamuuliza mko wangapi nyumbani, naye akatuhesabu sote kwa vidole, akaongeza kuku na mbwa. Mwalimu alicheka, akasema huyu anafaa. Nilifurahi kweli, na moyo ukaniuma papo hapo. Tukiwa tunarudi, mtoto akaniuliza, "Bibi, na nyinyi mlikuwa watoto wangapi?" Kwa mazoea nilitaka kusema tulikuwa wa kutosha. Badala yake nikainua vidole mbele yake: Agnesi, mimi, Felisi.

"Watatu," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka jibu lile, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumlinda.