Kwenda Kharumwa Bila Kuomba Maji

Dada yangu mkubwa ni mwalimu mkuu, na hukumu zake huzitoa hata nyumbani kama anayegawa madaftari. Gari la marehemu baba, alisema, limekaa uani vya kutosha. Kuku wametotoa kwenye kiti cha nyuma, na vifaranga wao nao wametotoa humo humo.

"Litengeneze, umpeleke mama Kharumwa kwa mdogo wake. Mkifika bila kuomba maji njiani, gari ni lako. Mkiomba hata kikombe, naliuza kama chuma chakavu."

Nilikubali haraka, kama ninavyokubali mambo mengi. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kukaa mahali mpaka majirani wakajua jina langu. Nimeuza mitumba Chato, nimefuata mashimo ya dhahabu Geita, nimefuga kuku wa mayai Ushirombo ambao hawakutaga. Lile gari la Kifaransa, refu, rangi ya chai ya maziwa, ndicho kitu pekee kilichonisubiri miaka yote hiyo. Ni kweli halikuwa na namna ya kwenda popote.

Fundi wangu ana gereji nyuma ya soko, hapa Shinyanga. Aliifungua rejeta ya zamani, akainusa.

"Kaka, mzee wako alikuwa anapika humu?"

"Ni bizari. Ilikuwa inaziba matundu."

"Na hii?"

"Nadhani unga wa dona."

"Na yai naliona. Hii siyo rejeta tena, hii ni mgahawa."

Baba hakuwa mjinga. Rejeta ikivuja porini, bizari huvimba, tundu huziba, gari hufika. Ubaya wake ni kwamba bizari haichagui. Iliziba tundu, ikaziba na njia za maji, gari likachemsha zaidi, naye baba akaongeza bizari. Kila safari ya Kharumwa tulisimama nyumba hadi nyumba kuomba maji.

Rejeta ya aina ile haikupatikana mji mzima. Baada ya wiki mbili fundi akaleta nyingine, iliyotolewa kwenye injini ya pampu ya kuvuta maji mashimoni. "Hii imehangaika na mashimo ya wachimbaji," alisema, "haitashindwa na kigari chako." Akakata vishikizo vyake, akachomelea vingine. Tukaweka mipira mipya juu na chini, na mkanda mpya wa feni. Tukaisukutua injini kwa maji mara tano, mpaka yakaacha kutoka mekundu.

Tuligombana kwenye themostati tu, ambayo mafundi wa zamani waliitoa wakaitupa.

"Ya nini Usukumani? Hiyo kazi yake ni kuipa injini joto. Huku joto tunapewa bure."

Nilimwambia injini ina joto lake inalolitaka, ikizidi inaumia, ikipungua inaumia. Aliifunga kwa uso wa mtu anayemvalisha mbuzi sweta. Mwisho nikajaza kulanti, ile dawa ya kijani ya kupoza injini, nikaichanganya na maji ya betri ili isiingie kutu wala chumvi. Fundi akasema gari sasa linakunywa vizuri kuliko mwenye gari.

Asubuhi ya safari mama alitoka na madumu mawili ya maji. Nikayateremsha.

"Haya hatuyahitaji, mama."

"Baba yako naye alikuwa anasema hivyo."

Tulipita Kahama, tukashika njia ya Kakola. Mshale wa temperecha ulisimama katikati kama umepigwa msumari, na mimi niliutazama kuliko barabara. Mama alitazama nje, na kila baada ya muda alisema jambo moja. "Tumempita yule wa ng'ombe weupe." Halafu, "Pale walitupatia viazi." Halafu, kwa sauti ya mtu anayedhulumiwa, "Simama kwenye ile nyumba ya kona."

"Mama, hatujachemsha."

"Nimeona. Simama."

"Tutasema tumefuata nini?"

"Fungua boneti."

Hakuwa amefika pale tangu tumzike baba. Kuingia mikono mitupu baada ya muda wote huo ni aibu. Kuharibikiwa na gari siyo aibu.

Mama mwenye nyumba alitoka na ndoo ya maji kabla sijazima injini.

"Mwangaluka! Nimelisikia tangu kule bondeni!"

"Mwangaluka!" mama akaitikia, wakakumbatiana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ndiye huyu aliyekuwa anatapika kwenye mihogo yangu?"

"Ndiye," mama akajibu kabla yangu.

Maji yake yalikuwa ya kisima, rangi ya udongo. Nikiyakataa, nimemwambia maji yake machafu. Nikiyapokea, dada anauza gari. Tulikaa kungoja injini ipoe, kama baba alivyokuwa akingoja. Wakala karanga, wakahesabiana waliokufa, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Niliomba Mungu waisahau ndoo. Aliyeileta hakuisahau. Nilipofungua kifuniko alichungulia.

"Mbona imejaa? Tena ya kijani!"

"Ni dawa, mama."

"Basi changanya na ya kwangu."

Nikafungua koki ya chini, kulanti yangu ikamwagika, nikaifukia kwa udongo kuku wasije wakainywa. Kisha nikamimina maji ya kisima mpaka alipoinua mkono kuniambia inatosha.

Tulipofika Kharumwa dada akapiga simu. "Mmeomba maji?" Nikampa mama simu, nikitumaini atanifichia. Lakini mama ni Mkatoliki wa jumuiya, hasemi uongo.

"Tumepewa ndoo nzima," akasema.

"Basi linauzwa."

"Linauzwa nini?"

Ikabidi aelezwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Gari la mume wangu mnalichezea kamari? Kadi iko kwenye sanduku langu. Njoo uichukue."

Dada, anayeogopwa na shule nzima, alisema, "Hapana, mama."

"Na wewe usicheke," mama akanigeukia. "Lako nalo siyo. Wewe ni dereva."

Jumapili tulirudi Shinyanga. Mshale haukusogea hata kidogo. Tulisimama mara nne kufungua boneti.