Chumvi ya Moto kwenye Paja la Baba

Nikisikia harufu ya kitambaa kinachoungua kwa chumvi ya moto, hadi leo hutoka nje.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa mtaa wa Komarock, miaka ya tisini. Baba alikuwa karani, mpole wa kukera, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alijidunga insulini kwenye paja la kulia, mahali pale pale, kwa sababu pale palishazoea na hapakuuma tena. Paja likaota vinundu viwili laini, vikubwa kama malimau.

Mama, Mkamba wa Machakos, aliamini hakuna uvimbe unaoshinda kukandwa. Jumapili moja kabla ya kanisa, Baba alipochomoa tu sindano, Mama akakaanga chumvi, akaifunga kwenye kitambaa, akalikanda lile paja hadi Baba akauma meno.

"Leo vitayeyuka," akasema.

Chai haijachemka, Baba akaanza kutokwa jasho. Alitutazama kana kwamba tumemvamia. Mama alipomwambia akae, alimzaba kofi lililomwangusha juu ya stovu. Akaipasua thamosi ukutani, akavunja dirisha kwa ngumi, akanikamata nywele nilizosukwa kwa ajili ya kanisa. Nilijinasua zikabaki mkononi mwake, nikakimbia nje.

"Baba amelewa! Anamuua Mama!"

Wanaume wa jirani walikuja na mikanda na vipande vya mbao.

"Mzee mzima, asubuhi hii ashalewa! Mfungeni huyo!"

Walimwangusha, wakampiga mbavu na uso, wakamfunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Mama, mdomo ukivuja damu, alilia, "Wachaneni na yeye! Huyo hanywangi pombe!" Nami, wewe msomaji sitakuficha, nilipaza sauti kuwashinda wote: "Mpigeni! Mpigeni tena!" Na nilifurahi.

Mama Njeri, jirani aliyeuza chai sokoni, alijipenyeza katikati yao akamgusa Baba shingo.

"Mnapiga mgonjwa! Ndugu yangu alikuwa akishikwa hivi sukari ikimshuka mwilini. Leteni sukari!"

Akamsugulia sukari ndani ya shavu. Baba akamuuma kidole hadi damu, lakini Mama Njeri hakukitoa. Baada ya muda macho ya Baba yalitulia. Akaiangalia ile kamba.

"Mama Mwende," akamuuliza Mama kwa sauti yake ya kila siku, "nani amenifunga?"

Hakukumbuka chochote; Mama ndiye aliyemsimulia. Jioni, uso umemvimba, aliniuliza nani aliyewaita watu kumwokoa Mama. Nikasema ni mimi. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Asante, mwanangu. Ulifanya vizuri." Hakuna aliyemwambia yale mengine niliyosema.

Sasa najidunga mwenyewe. Siku ya kwanza nesi alinionya: badilisha mahali, usidunge penye vinundu, na usikande wala kupasha moto, maana joto huisukuma dawa yote kwenye damu kwa mkupuo, sukari ikashuka ghafla. Nilimwomba arudie. Kisha nikalia mbele yake, mtu mzima, kwa sababu Baba alikwisha kufa, na ile asante yake bado ninayo.